Shule zimefungwa, nyinyi mko kazini: mwongozo kamili wa likizo ya mtoto wa miaka 9 hadi 14

Shule zikifungwa mwezi Juni, mtoto wa miaka mitatu hana shida, deikea yake haifungi. Mwenye miaka kumi na saba naye utamwachia funguo na hela ya mkate. Kasheshe ni huyu wa katikati, wa darasa la nne mpaka kidato cha pili. Deikea hawamchukui, na mwenyewe akilisikia tu hilo jina ananuna kutwa. Dada wa nyumbani hawezi kumwamrisha. Kumfungia ndani mwezi mzima haiwezekani, na kumwachia mtaa ni kujitafutia jambo.

Nimeandika nikiwafikiria wazazi wa Dar es Salaam wanaotoka alfajiri na kurudi magharibi, ingawa sehemu kubwa inafaa hata Mwanza au Arusha. Msingi ni mmoja: kila saa ya mchana iwe na mwenyewe. Ukiulizwa Jumatano saa nane mtoto yuko wapi, na ni mtu mzima gani anayejua, uwe na jina la kutaja. Mtu huyo si lazima awe amekaa naye chumba kimoja. Si lazima pia awe yule yule likizo nzima, na kwa umri huu mara nyingi hawezi kuwa yule yule.

Hatua ya 1: Pima pengo kabla ya kutafuta mtu

Shule za serikali na nyingi za binafsi hufunga kwa muda mrefu mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, kila mara takriban mwezi au zaidi kidogo. Kuna pia mapumziko mafupi ya katikati ya muhula, karibu na Pasaka na Septemba, ambayo ndiyo huwakuta wazazi hawajajiandaa. Shule za mitaala ya kimataifa zina kalenda yao, na likizo yao ndefu huangukia Julai na Agosti. Chukua kalenda ya shule, weka pembeni ya ratiba zenu za kazi, kisha chora mstari kwenye kila siku ambayo nyumbani hakuna mzazi.

Baada ya hapo angalia likizo zenu wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka yenye malipo ya siku zisizopungua 28 mfululizo, wikiendi zikiwemo. Hizo ni wiki nne. Wazazi wawili wakizipishanisha, kwenye karatasi wanaziba karibu Juni yote na Desemba yote. Ni wachache wanaofanya hivyo, na sababu ziko wazi: Desemba ofisi nzima inaomba likizo, mwajiri ndiye mwenye kalamu, na familia ingemaliza mwaka bila hata siku moja ya kupumzika pamoja. Kwa mama mwenye genge au baba wa bajaji, siku bila kazi ni siku bila hela. Hata hivyo, kila mzazi akitoa wiki moja tu kwa kila likizo, kwa kupokezana, pengo la wiki nne au tano linabaki wiki mbili au tatu. Hilo linabebeka. Barua ya kuomba wiki ya Juni ipeleke Machi, kabla wenzako hawajaamka.

Nyumba yenye mtoto wa darasa la saba ina hesabu yake. Mtihani wa taifa hufanyika Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari, kwa hiyo mtoto anakaa nyumbani karibu miezi minne. Hapo msitegemee likizo za kazi wala kujipendekeza kwa bibi. Tafuteni kitu chenye ratiba: masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza nusu siku, kozi ya kompyuta, au kwa shangazi aliye mkoani mwenye duka na nafasi.

Hatua ya 2: Kaa na mwenye likizo

Mtoto wa miaka kumi na mbili akipangiwa likizo kama mzigo wa kusafirishwa, ataivuruga siku ya tatu. Muulize anataka nini na umpe uamuzi wa kweli, hata uwe mmoja: kuogelea au mpira, wiki ya kwanza kwa bibi au ya mwisho. Yasiyojadiliwa mwambie wazi kwamba hayajadiliwi. Muulize pia asichotaka, halafu nyamaza umsikilize. Akisema hataki kwenda kwa mjomba fulani na hatoi sababu, usimlazimishe, wala usimcheke. Rudi kwenye hoja hiyo mkiwa wawili, taratibu, siku nyingine.

Hatua ya 3: Kata siku vipande

Wazazi wengi huanza kwa kuuliza "nani atakaa nao kutwa?" Wakimkosa wa kutwa wanakata tamaa. Gawa siku mara tatu: asubuhi mpaka chakula cha mchana, kuanzia hapo mpaka saa kumi, kisha saa kumi mpaka mnarudi. Kipande cha kwanza ni rahisi. Mtoto amechelewa kuamka, kuna kazi za ndani, programu nyingi huwa asubuhi. Jioni nako majirani wanaanza kurudi na mtaa una macho.

Kipande cha kati ndicho kibaya. Chakula kimeliwa, dada amejilaza na mdogo, bando limekata, king'amuzi kimerudia katuni zile zile. Hapo ndipo anatoka "mara moja tu". Anaishia kibanda umiza, au mbele ya mashine za dubwi nyuma ya duka akiitafuna ile mia tano ya maandazi, au ufukweni na wenzake bila mtu mzima, na hakuna aliyejua kwamba hata kuogelea hajui. Ukiwa na hela ya kununua saa chache tu za uangalizi, nunua za kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja.

Hatua ya 4: Weka jina kwenye kila kipande

*Bibi na ndugu wa mkoani.* Ndiyo njia ya zamani na bado ni nzuri, hasa kwa wiki mbili. Mpigie bibi mapema na umuulize kwa adabu kama ana nguvu, maana wapo mabibi wa miaka sabini wanaopelekewa wajukuu saba na watoto watano tofauti, kila mmoja akidhani ni wake peke yake. Tuma hela ya chakula kabla watoto hawajafika. Pakia chandarua, dawa anazotumia, kadi ya bima, na karatasi yenye namba zenu. Mto, kisima na ng'ombe mkali vitajwe kwa majina, kwani mtoto wa mjini havijui. Desemba mabasi ya Moshi na Arusha hujaa, hivyo kata tiketi mapema ofisini kwa kampuni na si kwa mpiga debe. Wenye kwao Morogoro au Dodoma wana treni ya SGR tangu 2024, na safari imekuwa fupi kiasi kwamba mzazi anaweza kuwapeleka Jumamosi na Jumatatu akawa kazini. Mtoto wa umri huu asisafiri kwa kukabidhiwa kondakta. Mtafutie mtu mzima mnayemfahamu anayeelekea huko.

*Dada wa nyumbani.* Hapa tusidanganyane. Dada aliajiriwa kwa ajili ya mdogo, usafi na mapishi. Wakubwa wawili wakikaa nyumbani kutwa, sufuria ya wali inakuwa kubwa zaidi, nguo zinaongezeka, na anapata mabosi wawili wapya wa miaka kumi na tatu. Kama mtamtegemea, mwongezeeni hela ya mwezi huo na mumpe mamlaka mbele ya watoto, kwa maneno: "Tukiondoka, dada ndiye mkubwa. Akisema hapana, ni hapana yetu." Watoto nao waoshe vyombo vyao na kutandika vitanda. Kama huyo dada mwenyewe ana miaka kumi na mitano, basi mnamwachia mtoto watoto, na jina lake lisihesabike.

*Kijana wa likizo.* Binti au kijana wa ukoo, au wa jirani mnayemjua, aje mchana tu. Kalenda za shule zinasaidia Desemba kuliko Juni. Wahitimu wa kidato cha nne wanamaliza mtihani Novemba na wako nyumbani wakisubiri matokeo. Juni ni ngumu kidogo: wa kidato cha sita wamemaliza Mei lakini wengi huitwa JKT, na likizo ndefu ya vyuo vikuu kwa kawaida huanza Julai au Agosti. Ongeeni naye malipo ya wiki, na nauli iwe pembeni. Asilipwe kwa "utakula hapa".

*Zamu za majirani.* Njia hii naipenda kuliko zote na ndiyo inayotumika kidogo kuliko zote. Tafuteni familia nne au tano zenye watoto wa rika moja, wanaofahamiana tayari shuleni, kanisani, madrasa au mtaani. Kila familia inabeba siku moja ya wiki: watoto wote wanakuwa kwake kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja. Anayebeba ni mzazi aliye likizo, aliye zamu ya usiku, mwenye duka nyumbani, au ndugu mzima wa familia hiyo ambaye wote mmemkubali. Kwa siku moja yenye watoto wanane, mnapata tatu au nne zisizo na hata mmoja.

Zamu hufa kwa mambo madogo, kwa hiyo yamalizeni mwanzoni. Chakula: kila mtoto anakuja na chake, au mwenye zamu anapika na hakuna anayelalamikia dagaa. Simu: zinakaa kwenye kikapu mpaka saa tisa, au hazikai, lakini nyumba zote sheria moja. Adhabu: hakuna kumchapa mtoto wa mwenzio, anayeshindikana mzazi wake anapigiwa simu. Kutoka: hakuna anayekwenda dukani peke yake, hata kwa vocha. Mwenye dharura siku ya zamu yake atafute wa kubadilishana naye mwenyewe, asiandike tu kwenye kundi la WhatsApp saa moja asubuhi "jamani leo sitaweza". Wekeni daftari moja linalohama na watoto. Ukurasa wa kwanza una majina, namba za wazazi wote na mizio. Hamisi anavimba akila karanga, fulani ana pumu na pampu iko mfuko wa mbele. Kila siku mwenye zamu anaandika mstari mmoja: nani alifika, nani aliondoka na nani, saa ngapi.

*Programu za likizo.* Zipo za kuogelea, mpira, kompyuta, sanaa, lugha. Ada ya tangazo haisemi kitu mpaka uigawe kwa saa. Tuseme kozi ni shilingi 150,000 kwa siku kumi, saa nne kila siku. Hizo ni saa 40, sawa na 3,750 kwa saa. Ongeza bajaji ya 6,000 kwenda na kurudi kila siku, inakuwa 210,000, yaani 5,250 kwa saa. Na bado saa saba mchana mtoto yuko nje ya geti lao akisubiri. Kozi ya bei ya juu kidogo iliyo karibu na nyumbani, au inayoishia saa tisa, inaweza kuwa rahisi zaidi.

Za gharama ndogo zisidharauliwe. Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ina sehemu ya watoto. JMK Park pale Kidongo Chekundu ina viwanja vya mpira wa miguu na kikapu kwa ajili ya vijana. Makumbusho ya Taifa na Kijiji cha Makumbusho ni vya siku moja moja, vizuri kwa aliye na zamu. Madrasa na makanisa mengine huongeza vipindi wakati wa likizo. Uliza tu mwisho ni saa ngapi na nani anafunga mlango.

Twisheni? Wazazi wengi huitumia kama deikea ya wakubwa, na naelewa. Masaa mawili asubuhi kwa somo linalomshinda yanasaidia. Kutwa nzima kwenye chumba cha watoto hamsini ni muhula wa tatu uliofichwa, na Januari utampeleka shule mtoto aliyechoka.

*Kazini kwako.* Mwenye duka, saluni au karakana anaweza kwenda na mtoto siku moja moja, na mtoto atajifunza kurudisha chenji vizuri kuliko darasani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Chini ya hapo awe amefuatana nawe, asihesabike kama kibarua. Karakana yenye mashine ya kuchomelea, jikoni kwa mafuta ya moto na barabarani na beseni kichwani si mahali pake kwa umri wowote huu.

Hatua ya 5: Chunguza watu, hata wa ukoo

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana wamo, na mkosaji mara nyingi ni mtu anayefahamika. Kwa hiyo "ni ndugu" isiwe jibu la kufunga mjadala.

Kwa kituo au programu, nenda bila kutoa taarifa katikati ya siku. Angalia choo, kwani ndicho kinachosema ukweli kuhusu mahali popote. Uliza watoto wangapi kwa mtu mzima mmoja, nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, na wanafanya nini mtu asiyejulikana akija na kusema "nimetumwa na mama yake". Kwa kuogelea, uliza nani yuko kwenye maji na nani yuko ukingoni. Mwalimu asiye na majibu haraka hajawahi kuyafikiria. Kwa mtu binafsi, pata wadhamini wawili na uwapigie kweli, na kama ni mgeni mtaani, mtambulishe kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa.

Kwa mtoto, weka neno la siri la familia. Asiyelijua hamchukui, hata awe na picha yako kwenye simu. Mwambie hakuna siri ya mtu mzima ambayo mama na baba hawaruhusiwi kuijua, na mfundishe namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto.

Hatua ya 6: Saa atakazokuwa peke yake

Zitakuwepo, hata ukipanga vipi. Kwa maoni yangu chini ya miaka kumi asiachwe peke yake, na wa kumi na mbili aanze na saa moja mchana, jirani akiwa anajua. Asiachiwe wadogo zake kutwa, hiyo ni kazi ya mtu mzima. Mfanye aonyeshe, usimuulize tu kama anajua: aufunge mtungi wa gesi mbele yako, aseme umeme ukikatika anafanya nini, apige simu yako bila kutazama kitabu. 112 ni polisi, 114 zimamoto, ziandikwe nyuma ya mlango. Mgeni akibisha, jibu ni "baba anaoga, njoo baadaye", kupitia dirishani, komeo likiwa limefungwa. Chakula kiwe kiporo au cha baridi kama jiko hajalimudu. Desemba mvua za vuli bado zinanyesha, na mitaro na mabonde ya Msimbazi yasikaribiwe hata kwa kufuata mpira.

Acha jirani mmoja na funguo za akiba. Kama mnakaa nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja, mama mwenye nyumba mara nyingi ndiye mlinzi bora kuliko wote. Mpe taarifa na umshukuru kwa kilo ya sukari.

Hatua ya 7: Jaribu, halafu rekebisha

Jumamosi moja kabla ya kufunga, endesheni siku nzima kama ya likizo, mzazi mmoja akiwa karibu lakini haingilii. Mtagundua bodaboda mliyomtegemea haji Jumamosi, au dada hajui simu ya mwalimu wa mpira.

Wiki inaweza kuwa hivi, kwa familia ya Kimara yenye watoto wa miaka 13 na 10, mama yuko ofisini Posta, baba ni fundi umeme. Jumatatu na Jumatano: kozi ya kompyuta mpaka saa sita, binti wa jirani anawapokea na kukaa nao mpaka saa kumi na moja. Jumanne: zamu kwa familia nyingine. Alhamisi: zamu yao, baba hachukui kazi za mbali siku hiyo. Ijumaa: asubuhi kazi za nyumbani na dada, mchana zamu nyingine. Simu tatu kwa siku: saa nne, saa nane, saa kumi. Ile ya saa nane apige mtoto mwenyewe, ukiona imepita dakika kumi ndipo unapiga wewe, kisha jirani.

Jioni usiulize "siku ilikuwaje", utajibiwa "poa". Uliza nani alicheka sana leo, nani aligombana, walikula nini. Mpango ukishindwa ndani ya wiki ya kwanza, badilisha kipande kilichoshindwa, usivunje wiki nzima.

Siku nne kabla ya kufungua, rudisheni saa za kulala, kagueni sare na viatu, maana mguu wa miaka kumi na mbili haungoji. Binti aliyewasaidia mlipeni yote siku ya mwisho, mkononi au kwa M-Pesa, na mumuulize hapo hapo kama Desemba atakuwepo. Wenzenu wa zamu mkae nao nusu saa mkiwa bado mnakumbuka ni nyumba ipi ilizidiwa, na daftari lile libaki kwa mtu mmoja asiyepoteza vitu.